Maswali ya Wasomaji: Kusoma Nota kwa Anayeanza Piano

Mwezi huu kurasa hizi ni za barua zinazohusu kusoma nota. Nyingi zimetoka kwa watu wa kwaya, na haishangazi: Uganda ina waimbaji wengi wanaosoma solfa (do, re, mi) vizuri sana ambao hawajawahi kuonyeshwa ile mistari mitano ya nota. Barua zilizouliza jambo moja tumeziunganisha. Vibonye vya kinanda tunavitaja kwa herufi C, D, E, F, G, A, B kama vitabuni, na tukisema kii tunamaanisha mahali do inapokaa.

Habari zenu walimu. Mimi ni mwimbaji wa sauti ya tena (tenor) huku Arua. Solfa naisoma bila shida, hata wimbo mpya. Kanisa letu limepata kinanda na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kujifunza. Kitabu cha nyimbo tulicho nacho kina nota za mistari tu. Je, niiache solfa nianze upya?

Usiiache, ndugu. Solfa imekupa kitu ambacho anayeanza piano bila kupitia kwaya hukitafuta kwa muda mrefu: unajua umbali kati ya sauti na sauti kabla hujaitoa kinywani. Mwingereza John Curwen, aliyeueneza mfumo huo katika karne ya 19 kutokana na kazi ya Sarah Glover, aliutaka uwe njia ya kuingilia kwenye nota.

Linalobadilika ni moja. Kwenye solfa, do huhama na maandishi hubaki yaleyale. Kwenye mistari, kila sauti ina makao yake ya kudumu, nawe ndiye unayetafuta do imekaa wapi. Itafute mwanzoni mwa mstari, mara tu baada ya alama ya trebo (mistari ya sauti za juu) au ya besi (ya sauti za chini). Pasipo na shapu (♯, ya kupandisha sauti) wala flati (♭, ya kuishusha), do ni C. Pakiwa na shapu, ile ya mwisho kulia ndiyo ti. Panda hatua moja umefika kwenye do. Shapu ikiwa moja huwa ya F, kwa hiyo F shapu ni ti na do ni G. Zikiwa mbili ni F na C: C shapu ni ti, do ni D. Pakiwa na flati, ya mwisho ndiyo fa. Teremka fa, mi, re, do. Flati ikiwa moja huwa ya B, hivyo do ni F. Zikiwa mbili au zaidi, huna haja ya kuteremka: flati ya pili kutoka mwisho ndiyo do yenyewe. Flati tatu ni B, E na A. Ya pili kutoka mwisho ni E, basi do ni E flati.

Jua na sababu yake, maana kanuni iliyokaririwa bila sababu hupotea upesi. Sikio lako linajua kwamba mi na fa zimebanana, na ti na do vilevile. Kwenye kinanda, vibonye vyeupe visivyo na cheusi katikati yao ni E na F, halafu B na C. Do ikianzia C, mibano yote miwili inaangukia mahali pake. Do ikianzia G, mi na fa zinaangukia B na C, sawasawa. Lakini ti ingekuwa F, na kati ya F na G kuna kibonye cheusi. Ti imekuwa mbali mno na do. Kwa hiyo F hupandishwa kuwa F shapu, na alama yake huandikwa mara moja mwanzoni mwa kila mstari badala ya kurudiwa kwenye kila nota.

Ukishaipata do, mi na so zimejionyesha. Do ikiwa juu ya mstari, mi na so ziko juu ya mistari miwili inayofuata kwenda juu. Do ikiwa kwenye nafasi, mi na so ziko kwenye nafasi mbili zinazofuata. Katika trebo, kii ya G: do mstari wa pili kutoka chini, mi wa tatu, so wa nne. Kii ya F: do nafasi ya kwanza, mi ya pili, so ya tatu. Ile fe unayoikuta kwenye solfa huandikwa kama fa yenye alama ya kupandisha mbele yake. Kwa kii ya G ni C shapu. Ta ni ti iliyoshushwa. Kwa kii ya G utaona alama ya naturali (♮, inayofuta shapu) mbele ya F. Wimbo ukiwa na makao yake kwenye la badala ya do, alama za mwanzo ni zilezile, wewe tua kwenye la.

Kuwa mwimbaji wa tena nako kunakusaidia. Katika kitabu cha sauti nne, soprano na alto hukaa kwenye mistari ya juu, tena na besi kwenye mistari ya chini. Katika mistari hiyo ya chini, nota ambazo vijiti vyake vinaelekea juu ni za tena. Vinavyoelekea chini ni za besi. Chukua wimbo ambao sauti yako unaijua kwa moyo, ufuate kwa kidole kwenye nota huku ukiimba solfa, halafu upige kwa mkono wa kushoto. Waanzaji wengi hukaa kwenye trebo miezi mingi kabla ya kuigusa besi, na mkono wa kushoto hubaki nyuma hata wakishakuwa wapigaji. Wewe ingilia kwenye besi moja kwa moja.

Baada ya hapo piga besi kwa kushoto na soprano kwa kulia. Sauti hizo mbili peke yake zinatosha kuongoza waumini. Kisha ongeza alto, na tena iwe ya mwisho. Pale tena inapokuwa mbali na besi kuliko kiganja chako kinavyofika, ichukue kwa kidole gumba cha mkono wa kulia. Hivyo ndivyo wapigaji wengi wa nyimbo za sauti nne wanavyofanya.

Nimekariri sentensi za kukumbukia mistari na nafasi, za trebo na za besi. Lakini nikiiona nota lazima nianze kuhesabu kutoka mstari wa chini. Ukurasa mmoja unanimaliza jioni nzima. Nakosea wapi? – Msomaji, Busia

Sentensi inakufikisha kwenye jina la nota kwa kupitia majina mengine yote. Nota ya mstari wa tano unaipata baada ya maneno matano, na wakati huo wimbo umeshapita. Kisha una sentensi nne kichwani, mbili za trebo na mbili za besi, nazo huingiliana hasa unapochoka. Tunashauri uziweke kando zote na ujenge juu ya nota tatu tu.

Ya kwanza ni C ya kati, ile yenye kamstari kake peke yake kati ya trebo na besi. Ya pili ni G ya trebo, mstari wa pili kutoka chini. Alama ya trebo yenyewe huuzungukia mstari huo. Ya tatu ni F ya besi, mstari wa nne kutoka chini, ule uliopita kati ya nukta mbili za alama ya besi. Tazama zilivyopangika: ukianza C ya kati kupanda hadi G ni hatua tano ukihesabu na ya kuanzia, na kuteremka hadi F ni tano vilevile. Zijue hizi tatu hata ukiamshwa usingizini. Ndipo uongeze mbili: C ya nafasi ya tatu katika trebo na C ya nafasi ya pili kutoka chini katika besi.

Nota nyingine zote zisome kwa umbali. Kutoka mstari kwenda nafasi inayougusa ni kibonye cha jirani. Kutoka mstari kwenda mstari unaofuata, au nafasi kwenda nafasi inayofuata, unaruka kibonye kimoja cheupe. Mstari hadi mstari ukiwa umeacha mmoja katikati, hiyo ni tano: mkono ukiwa umetulia, ni kidole gumba na kidole cha mwisho. Umbali wa tatu, wa tano na wa saba daima ni mstari kwa mstari au nafasi kwa nafasi. Wa pili, wa nne, wa sita na wa nane daima huchanganya mstari na nafasi. Jicho likishalizoea hili, huhitaji kuhesabu.

Zoezi lenyewe hili hapa. Fungua ukurasa wowote rahisi, usiguse kinanda. Taja jina la nota ya kwanza tu, halafu soma kwa sauti: "juu hatua, juu ruka, palepale, chini hatua, chini tano." Vipimo vinane (kipimo ni sehemu iliyo kati ya mistari miwili ya wima) vinatosha kwa siku. Kisha weka mkono kwenye kinanda na upige vipimo hivyohivyo bila kuangalia vidole. Utajipataje bila kuangalia? Kwa vibonye vyeusi, ambavyo vimepangwa viwili viwili na vitatu vitatu: C iko kushoto kabisa mwa kundi la viwili, F kushoto kabisa mwa kundi la vitatu. Vipapase kwa ncha za vidole kabla ya kuanza.

Kuna mtego tunaopenda kuutaja mapema. Vitabu vingi vya kuanzia huweka kidole gumba cha kulia kwenye C kurasa nyingi mfululizo, na mwanafunzi anaanza kusoma namba za vidole zilizoandikwa juu ya nota. Anafikiri anasoma muziki. Siku gumba likihamia G, kila kitu kinaporomoka. Jipime hivi: cheza kipande ulichokizoea ukianza na kidole cha pili badala ya gumba. Ukishindwa kabisa, ulikuwa unasoma namba. Dawa ni kuhamisha mkono kila siku mbili tatu, leo kwenye G, kesho kutwa kwenye F, halafu D.

Mkono mmoja mmoja naweza. Nikiunganisha, mkono wa kulia ukishikilia nota ndefu, wa kushoto nao unasimama. Na nota fupi zinazofuata ile yenye nukta zinanichanganya. – Msomaji, Kasese

Hapa tatizo ni hesabu, vidole havina kosa. Krocheti ni pigo moja, minimu mawili, minimu yenye nukta matatu, semibrevi manne, na kwaveri ni nusu ya pigo. Hayo bila shaka unayajua. Kinachokosekana ni kuyahesabu kwa mdomo, kwa sauti ya kusikika, muda wote unaopiga.

Namba zetu zinafaa sana kwa kazi hii, kwa kuwa kila moja ina silabi mbili: mo-ja, mbi-li, ta-tu, n-ne. Silabi ya kwanza iangukie kwenye pigo, ya pili katikati ya pigo, pale kwaveri ya pili inapokaa. Chukua krocheti yenye nukta ikifuatiwa na kwaveri, ile inayokuchanganya. Bonyeza kwenye "mo", shikilia "ja", shikilia "mbi", na kwaveri inaingia kwenye "li". Hakuna kukisia tena. Iseme mara nyingi ukipiga kofi kwenye "mo" na kwenye "li" tu, mpaka kofi la pili lisiwahi wala kuchelewa. Kosa la kawaida ni kuliwahisha na kulitua kwenye "mbi".

Sasa mikono miwili. Funga kinanda. Weka metronomu ya simu (programu inayogonga mapigo) kwenye mapigo 60 kwa dakika, na kwa viganja upige mapaja: kulia mdundo wa mistari ya juu, kushoto wa mistari ya chini, mdomo ukihesabu. Ongozwa na ukurasa ulivyochapwa: nota zilizosimama wima sambamba, moja juu ya nyingine, hupigwa pamoja. Chora kwa penseli mstari mwembamba wa wima kila zinapokutana. Kipimo kimoja kwanza, kisha viwili, kisha vinne. Mapaja yakikubali, vidole vitakubali. Yakikataa, usikifungue kinanda bado. Ukikifungua, shuka hadi mapigo 50.

Nota ya kushikilia hailegezwi kwa sababu mkono mwingine una kazi. Na alama ya kimya nayo huhesabiwa: nyanyua mkono hasa, sauti ikatike. Wanaoanza huona kimya kama nafasi ya kupumzika, wakakipunguza.

Ukikuta kipimo cha kwanza kina krocheti moja peke yake, si kosa la mchapaji. Wimbo, ukiwa wa mapigo manne, unaanzia pigo la nne. Hesabu "moja, mbili, tatu" kabla, uingie kwenye "nne". Kwa kawaida kipimo cha mwisho kitakuwa na mapigo matatu kufidia. Kwenye 6/8 hesabu hubadilika: kila namba ni kwaveri moja, hadi sita, uzito ukiwa kwenye moja na nne. Aliyekulia karibu na ngoma za baakisimba mwendo huo wa tatu-tatu si mgeni masikioni mwake.

Niandike herufi chini ya kila nota? Na vibonye nivibandike stika? – Msomaji, Wandegeya

Hapana kwa yote mawili. Herufi zikiwepo, jicho husoma herufi na kuiacha nota. Siku ukizifuta unarudi mwanzo. Andika herufi ya nota ya kwanza ya kila mkono, na ile inayofuata mruko mkubwa, kwa penseli. Stika zina hasara nyingine: zinakulazimisha kutazama chini. Kama zimeshabandikwa, bandua zote ubakishe ya C ya kati kwa wiki moja, halafu nayo uitoe.

Sina kinanda nyumbani. Napata cha kanisa Jumamosi peke yake, saa moja. Inawezekana kujifunza kusoma? – Msomaji, Bombo

Inawezekana, kwa sababu sehemu kubwa ya kusoma hufanyika machoni na mdomoni. Tengeneza kinanda cha manila. Karatasi ya A2 ina upana wa sentimita 59.4, kibonye cheupe cha piano kina upana wa milimita 23.5 hivi, kwa hiyo vibonye vyeupe 25 vinaingia. Urefu wa kibonye uwe sentimita 15. Vyeusi vikate kwenye kadibodi, upana wa sentimita 1.3 na urefu wa 9.5, uvigundishe juu ili vidole vivihisi. Hapo ndipo wengi huharibu: huvichora kwa kalamu tu, na kidole hakijui kiko wapi mpaka jicho liangalie. Weka C ya kati karibu na katikati ya karatasi. Usipunguze vipimo ili karatasi ipate kuenea mezani, la sivyo mkono utazoea umbali usiokuwepo kwenye kinanda cha kweli.

Karatasi haina sauti, basi wewe uitoe: imba solfa ya kila nota unapoigusa. Dakika 15 kila siku namna hii, na ile saa ya Jumamosi uitumie kuthibitisha, si kuanza jambo jipya. Vinanda vya simu vinafaa kujifunzia majina. Kwa vidole havifai, ni vidogo mno.

Nikipiga nota za kitabu, kwaya inaniambia niko mahali pengine kabisa. Nina hakika nabonyeza vibonye sahihi. – Mpiga kinanda, Mbale

Angalia kitufe cha transipozi. Katika makanisa mengi mpigaji hujifunza kii moja tu, na kwaya ikitaka kupanda au kushuka anabonyeza kitufe hicho. Aliyekutangulia amekiacha kwenye +2 au −3, kwa hiyo ukibonyeza C kinatoa D, au A. Kirudishe kwenye 0 kabla ya kila kipindi. Angalia pia kitufe cha oktava (umbali wa nane, C hadi C inayofuata), na ujue kwamba kwenye kinanda cha vibonye 61 C ya kati ni C ya tatu kutoka kushoto, wakati kwenye piano ya vibonye 88 ni ya nne. Kwa anayejifunza kusoma, ushauri wetu ni kutoigusa transipozi kabisa. Kila kii unayoikwepa leo ni ukurasa ambao hutaweza kuusoma kesho.

Binti yangu anajiandaa kwa mtihani wa piano wa ABRSM, bodi ya Uingereza ya mitihani ya muziki. Vipande vyake anavipiga vizuri sana bila kitabu, lakini akipewa ukurasa asioujua anakwama nota ya pili. Mwalimu anasema afanye mazoezi zaidi. Mazoezi gani? – Mama wa mwanafunzi, Mukono

Mama, fanya jaribio hili leo. Fungua kipande anachokijua, weka kidole kwenye kipimo cha saba, umwambie aanzie hapo. Akisema lazima aanze mwanzo, basi hasomi kipande hicho. Amekishika kwa sikio na kwa mazoea ya vidole. Ni kipaji kizuri, na ndicho kinachomficha. Anaisoma nota mara mbili tatu za kwanza, halafu sikio linachukua kazi na macho yanahamia mikononi.

Kwa hiyo kurudia vipande vyake hakumsaidii katika hili. Anahitaji kurasa asizozijua, fupi, rahisi kuliko daraja lake, na tofauti kila siku. Vipimo vinne hadi sita, mara mbili, basi. Mara ya tatu sikio limeshakariri. Azime vitabu vya madaraja ya chini, abadilishane na wenzake, au apige mstari wa soprano wa wimbo asioufahamu kutoka kitabu cha nyimbo. Dakika kumi kila siku, kabla ya vipande vyake, akili ikiwa mbichi.

Katika dakika hizo kuna sheria moja ngumu: asisimame, asirudi kusahihisha. Akikosea nota, pigo linaendelea. Mtoto aliyezoea kusahihisha atateseka siku za kwanza; mwache ateseke kidogo, lakini mpunguzie mwendo. Ili kumfundisha macho yatangulie, chukua kadi na ukifunike kipimo anachokipiga mara tu anapokianza. Atalazimika kuangalia kinachofuata. Na vidole vyake vifunike kwa gazeti au kitambaa chepesi.

Kwenye mtihani wa aina hiyo wa kupiga mbele ya mtahini, usomaji huu una alama 21 kati ya 150, na kupita mtihani mzima ni 100. Mtahiniwa hupewa nusu dakika ya kutazama kabla ya kupiga, na katika nusu dakika hiyo anaruhusiwa kugusa kinanda na kujaribu sehemu yoyote. Watoto wengi hukaa kimya wakiitazama karatasi. Mzoeze kuitumia: kwanza shapu na flati za mwanzo, pili mapigo, tatu aweke vidole kwenye nota ya kuanzia ya kila mkono, nne ajaribu kwa sauti kile kipimo kinachoonekana kigumu kuliko vyote. Mwisho achague mwendo kwa kuhesabu kipimo hicho kigumu kichwani. Akichagua kwa kipimo cha kwanza, ambacho huwa chepesi, atakwama mbele.

Mkumbushe pia kwamba shapu au flati iliyoandikwa katikati ya wimbo hudumu mpaka mwisho wa kipimo hicho, kwa nota ya mahali hapo hapo, kisha hufutika. Hapo ndipo alama nyingi za mtihani hupotea. Kuna mtihani wa namna nyingine wa ABRSM, wa kurekodi vipande vinne, usio na sehemu hii. Tungependa asiukimbilie kwa sababu hiyo peke yake.

Mimi ni mstaafu, nimeanza piano baada ya kuacha kazi. Miwani ninayo na gazeti nalisoma vizuri, lakini nota kwenye kinanda zinaungana, sijui iko kwenye mstari au kwenye nafasi. Ni uzee wa akili au wa macho? – Msomaji, Jinja

Ni umbali, mzee wetu. Miwani ya kusomea kwa kawaida hupimwa kwa umbali wa sentimita 40 hivi, pale unaposhika gazeti. Kitabu kilichowekwa juu ya kinanda kiko sentimita 55 hadi 65 kutoka machoni, na huwezi kukisogeza karibu bila kukunja mgongo. Keti kama unavyoketi kupiga, mtu akupimie kwa utepe kutoka jicho hadi ukurasa, uipeleke namba hiyo kwa mpimaji wa macho uombe miwani ya umbali huo. Miwani ya sehemu mbili haifai sana hapa, kwa kuwa sehemu ya kusomea iko chini na utakuwa ukiinua kidevu muda wote, shingo ikauma.

Kabla ya kupata miwani, peleka ukurasa kwenye duka la fotokopi ukuzwe kutoka A4 hadi A3, yaani asilimia 141. Nafasi kati ya mistari itaongezeka kwa kiasi hichohicho, na mstari na nafasi vitaachana. A3 hujikunja kwenye kishikio cha kinanda, kwa hiyo ibandike kwenye kadibodi. Taa iwe juu ya bega, upande wowote, imulike ukurasa na si macho yako. Taa ya katikati ya chumba iliyo nyuma yako huangusha kivuli cha kichwa palepale unaposoma. Ukikuza kurasa nyingi, usizipange zaidi ya mbili kwa mara moja, maana ya tatu itaenda pembeni ambako umbali kutoka jichoni ni mwingine tena.